Gari Limekaa Muda Mrefu na Haliwaki: Mwongozo Kamili wa Kukagua Mfumo wa Mafuta, Kuanzia Tangini hadi Kwenye Nozeli

Gari likikaa miezi sita, mwaka au zaidi bila kuendeshwa, siku ya kulirudisha barabarani karibu kila mtu hufanya yale yale. Ataazima betri, atajampu, kisha atapiga stata mpaka ianze kulegea. Gari likigoma ataongeza lita tano za petroli mpya juu ya ile ya zamani na kupiga tena. Hapo ndipo gari linapoharibika. Maji, kutu na tope vilikuwa vimetulia chini ya tangi muda wote huo bila kumdhuru mtu. Stata ikipigwa, pampu inavifyonza na kuvisukuma kwenye filta, na vinavyopenya filta vinaishia kwenye nozeli. Kazi iliyokuwa imalizwe kwa kumwaga mafuta na kubadili filta inageuka kuwa ya kununua pampu na kuosha nozeli nne.

Mwongozo huu unamhusu zaidi mwenye gari la petroli la EFI, yaani linalopuliza mafuta kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta, hasa Toyota zilizojaa mitaani kwetu: Corolla, Carina, IST, Vitz, RAV4, Noah. Magari ya kabureta na ya dizeli nimeyapa sehemu zao huko mbele, kwa sababu yana tabia zake. Kwa yote, anzia tangini na ufuate mafuta yanakokwenda. Ukirukia nozeli kabla ya kuona kilicho tangini, utaosha nozeli leo na kuziosha tena wiki ijayo.

Mafuta yanaharibikaje yakikaa

Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vyepesi na vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyoiwezesha injini baridi kushika moto asubuhi, na ndivyo vinavyotoroka kwanza kama mvuke. Vinavyobaki ni vizito na huwaka kwa shida. Wakati huo huo, oksijeni ya hewa iliyomo tangini inaibadilisha petroli taratibu na kutengeneza utomvu wa kahawia unaonata, ambao hukaukia kwenye matundu membamba ya nozeli na ya kabureta. Joto huharakisha yote mawili. Kwa gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, anza kuyatilia shaka mafuta yakifikisha miezi mitatu hadi sita. Yakipita mwaka, hesabu kwamba kazi yake imekwisha.

Jambo la pili ni maji. Tangi lililojaa nusu lina nafasi kubwa ya hewa. Usiku likipoa, unyevu wa hewa ile hugeuka matone kwenye kuta zake na kushuka chini. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, na lita ya maji ina gramu 1,000, kwa hiyo maji hukaa chini kabisa, mahali pale pale pampu inapofyonzea. Kama tangi ni la bati, kutu inaanzia hapo. Pwani ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, tangi lililoachwa na mafuta kidogo huharibika upesi kuliko lile lililoachwa limejaa.

Usalama, na hili usilipite haraka

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze kwenye joto letu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hautaruka juu na kupotea. Unatambaa chini, unaingia mtaroni, unaweza kulifikia jiko la mkaa lililoko upande wa pili wa uzio. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilianguka, watu wakaenda kuchota, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Tangi la gari dogo lina mafuta machache zaidi, ila moto wake hauna tofauti.

Kwa hiyo fanyia kazi nje, penye upepo, mbali na jiko, sigara, jenereta na fundi wa kuchomelea. Weka karibu mtungi wa kuzimia moto wa poda, na ndoo ya mchanga pembeni. Maji hayazimi moto wa petroli, yanausambaza. Tochi iwe ya LED, na uiwashe kabla hujasogelea tangi. Waya hasi wa betri uchomolewe kabla tangi halijafunguliwa.

Halafu kuna hii tabia ya kunyonya mafuta kwa mdomo. Iache kabisa, na usimruhusu kijana wa gereji aifanye kwa niaba yako. Petroli kidogo tu ikipotea njia na kuingia kwenye mapafu inayaunguza, na homa ya mapafu ya namna hiyo huua. Mtu akimeza petroli asitapishwe, maana wakati wa kutapika ndipo inapoingia mapafuni. Apelekwe hospitali moja kwa moja. Mpira wenye kibonyeo cha kufyonzea mafuta unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya magari kwa bei ndogo. Nunua.

Kwanza hakikisha kosa ni la mafuta

Kazi hii ifanyike kabla tangi halijafunguliwa, kwa sababu utapima cheche, na cheche na mvuke wa petroli visikutane.

Chomoa kijiti cha oili, utazame na unuse. Oili ikinuka petroli kwa nguvu, kuna nozeli iliyokuwa ikivuja ndani ya silinda, na oili hiyo imwagwe kabla injini haijazungushwa. Fungua boksi la hewa. Panya hupenda sana kujenga humo, na wakishajenga humo ujue wametembea pia juu ya nyaya na mipira ya mafuta. Fuata kila mpira kwa macho na kwa vidole. Pima betri: ikiwa imetulia isiwe chini ya volti 12.4, na stata inapozunguka isishuke chini ya 9.6 hivi. Betri dhaifu inaweza kuzungusha injini huku kompyuta ya injini ikikosa umeme wa kutosha kufanya kazi, ukadhani mafuta hayafiki.

Angalia pia taa ndogo ya ufunguo au ya kufuli kwenye dashibodi. Toyota nyingi zenye ufunguo wa chipu, kompyuta isipoutambua ufunguo, stata itapiga vizuri tu lakini gari halitawaka. Watu wamebadilisha pampu nzima kwa kosa la ufunguo.

Ukisharidhika na hayo, ng'oa plagi zote za cheche. Dondoshea oili safi kidogo, kama kijiko kimoja cha chai, kwenye kila silinda. Chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI, kisha zungusha injini kwa stata kwa sekunde chache. Fyuzi hiyo inalisha kompyuta ya injini, kwa hiyo hakuna mafuta yatakayopulizwa wala cheche itakayotoka. Oili inapanda na kuta za silinda zinapata ulaini. Rudisha plagi na fyuzi.

Sasa jaribio linalotenganisha mafuta na umeme. Inua kiti cha nyuma, chomoa plagi ya nyaya ya pampu, ili pampu isivute kitu. Fyuzi ya EFI usiiguse safari hii, maana tunataka cheche iwepo. Pulizia dawa ya kusafishia kabureta kwa sekunde mbili kwenye bomba la hewa linaloingia kwenye injini, lirudishe bomba mahali pake, ondoa uso wako hapo, kisha mwenzako apige stata. Injini ikishika sekunde mbili tatu halafu ikazimika, cheche ipo, mgandamizo upo, kinachokosekana ni mafuta. Isiposhika kabisa, tafuta kwanza cheche. Mwongozo huu hautakusaidia mpaka cheche ipatikane.

Chukua sampuli kabla ya yote

Kwenye Toyota nyingi ndogo, chini ya kiti cha nyuma kuna mfuniko wa bati, wa duara au wa pembe, uliobanwa kwa skrubu au kwa gundi nyeusi. Chini yake ndipo ilipo kofia ya pampu. Kabla hujalegeza chochote, safisha hapo kwa brashi na kitambaa mpaka pawe peupe. Mchanga wa miaka umejaa pale, na ukifungua bila kusafisha utaumwaga wote tangini.

Ingiza mpira wako wa kufyonzea mpaka ugonge chini kabisa ya tangi. Usivute mafuta ya juu. Ya juu siku zote yanaonekana mazuri. Jaza chupa ya kioo, na chupa nyingine ijaze petroli mpya uliyonunua leo. Ziweke pamoja kwenye mwanga, zitulie robo saa.

Chupa hizo mbili zitakwambia mengi kuliko kipimo chochote cha bei. Petroli nzuri inapitisha mwanga, na harufu yake inachoma pua. Iliyokufa imekuwa nyeusi kuelekea rangi ya chai ya rangi, na harufu yake ni chachu, nzito, ya vanishi. Maji utayaona kama mstari uliokatika safi karibu na kitako cha chupa: juu petroli, chini kitu cheupe kinachocheza peke yake ukiinamisha chupa. Chembe za kahawia zinazozama upesi ni kutu; pitisha sumaku nje ya chupa, mara nyingi utaziona zikiifuata. Vitu vyeusi vinavyoelea kama nyuzi huwa ni mpira unaooza, na hapo ujue mipira ya ndani inakuhitaji.

Mafuta yakiwa na miezi michache tu, yanapitisha mwanga na hayana maji, unaweza kuyachanganya na mapya: sehemu moja ya zamani kwa nne za mapya. Zaidi ya hapo, mwaga yote. Najua lita 30 ni pesa, ila pampu na nozeli ni pesa zaidi.

Usitumie pampu ya gari kumwagia mafuta mabovu, maana utakuwa unapitisha uchafu kule kule unakotaka kuulinda. Tumia mpira wa kufyonzea, au nati ya kumwagia kama tangi lako linayo kwa chini. Yaliyotoka yaweke kwenye dumu linalofungika, uandike juu yake, uyakabidhi kwa wanaokusanya oili chafu. Usiyamwage mtaroni wala karibu na kisima, na usimpe mwenye bodaboda ukamwambia ni petroli.

Pampu na soksi yake

Sasa kwa kuwa tangi ni tupu, pampu itoke. Chomoa mpira wa mafuta polepole ukiwa umeuzungushia kitambaa, kwa sababu presha inaweza kuwa bado imo. Legeza skrubu au ringi inayobana, kisha inua pampu kwa kuiinamisha. Ile floti ya kupimia mafuta ina mkono mrefu na hupinda kirahisi ukivuta kwa nguvu. Gasketi ya zamani usiirudishe. Ikishanyooka haizibi tena, na siku ukijaza tangi utanusa petroli ndani ya gari.

Chini ya pampu kuna chujio laini la nyuzi ambalo mafundi huliita soksi. Soksi ya gari lililokaa ndiyo shahidi wako mkubwa. Mpya huwa nyeupe au rangi ya maziwa, unaibonyeza inarudi. Ya gari lililooza huwa ngumu, kahawia, ukiikuna kwa kucha unatoka unga wenye kutu na utomvu wa kunata. Usihangaike kuiosha, ibadilishe. Ikiwa imeziba, pampu inajikamua kufyonza, na kwa kuwa pampu hupozwa na mafuta yanayopita ndani yake, ikikosa mafuta inaungua.

Mulika ndani ya tangi. Maji na tope kidogo vifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kutu ya kuenea haifutiki kwa mkono. Hapo tangi lishushwe lioshwe vizuri, au litafutwe lingine. Tangi lililotoboka asilichomelee fundi wa mtaani eti kwa sababu ni tupu. Tangi tupu lenye mvuke hulipuka vibaya kuliko lililojaa, na mafundi wamekufa kwa kazi hiyo.

Pampu ikisharudishwa na kufungwa, na waya wa betri kurudi mahali pake, hukumu umeme wake kabla ya kuihukumu pampu yenyewe. Kuna ushauri unaozunguka kila mahali kwamba ukiwasha swichi bila kupiga stata utasikia pampu ikilia sekunde mbili. Kwa Nissan, Subaru na magari mengi ya Ulaya ni kweli. Kwa Toyota nyingi pampu hailii mpaka injini ianze kuzunguka, kwa hiyo ukimya wa swichi si ushahidi wa pampu mbovu. Msikilizaji akae kiti cha nyuma wakati mwingine anapiga stata, au upime kwa mita kwenye plagi ya pampu wakati huo huo. Toyota za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo cha uchunguzi ndani ya boneti. Ukiunganisha matundu yaliyoandikwa +B na FP kwa kipande cha waya huku swichi ikiwa imewashwa, pampu inapaswa kulia.

Umeme usipofika, angalia fyuzi ya EFI, kisha rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme) ya EFI na ile iliyoandikwa C/OPN, inayolisha pampu. Rilei inajaribiwa kwa kuibadilisha na nyingine yenye namba ile ile kutoka kwenye kisanduku hicho hicho. Land Rover kama Freelander zina swichi inayokata mafuta gari likigongwa. Pengine mtu aliligonga gari lako likiwa limeegeshwa, ikaruka. Ibonyeze irudi.

Umeme ukifika na pampu ikawa kimya, imeganda au imekufa. Kuigonga tangi kwa nyundo ya mpira kunaweza kuiamsha. Ikiamka kwa kugongwa, hesabu kwamba imekupa nafasi ya kuipeleka gari gereji tu, na ununue nyingine kabla haijakuachia njiani usiku.

Filta, mipira na presha

Filta ibadilishwe, hata kama inaonekana safi kwa nje. Kwenye Toyota za zamani iko ndani ya boneti au chini ya gari karibu na tangi, na ina mshale: mshale uelekee injini. Kwenye mpya zaidi, filta imo ndani ya pampu yenyewe, hivyo itoe wakati pampu iko mikononi mwako, usije ukafungua tangi mara mbili.

Mpira wa mafuta ukunje kwa vidole. Ukionyesha nyufa au ukiwa mgumu kama plastiki, kata. Mpya uwe ule uliotengenezwa kwa presha ya EFI, wenye maandishi hayo ubavuni, pamoja na klipu zake. Mpira mweupe wa maji, ule unaopendwa kwa sababu unaonyesha mafuta yakipita, hauwezi presha hiyo wala joto la injini. Magari mengi yameungua kwa ajili yake.

Baada ya hapo pima presha, kama unaweza kuazima geji. Toyota nyingi zisizo na mpira wa kurudishia mafuta hufanya kazi kwenye PSI 44 hadi 50. Zile za zamani zenye mpira wa kurudishia huwa kati ya 38 na 44. Zima, subiri dakika tano: geji isishuke chini ya 21. Presha ikishindwa kupanda wakati soksi na filta ni mpya, pampu ni dhaifu au regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti presha, imebaki wazi. Ikipanda vizuri lakini ikaanguka mara tu unapozima, kuna kitu kinavuja: vali ndani ya pampu, regyuleta, au nozeli. Ya nozeli ndiyo ya kuogopa, kwa kuwa mafuta yanadondokea kwenye silinda na kuosha oili.

Angalizo kwa wenye injini za D-4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda: upande wa baada ya pampu ya pili, iliyoko kwenye injini, presha yake ni kubwa mara nyingi zaidi. Usilegeze bomba lolote upande huo. Hapo mwite fundi mwenye vifaa.

Nozeli

Bandika ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa nozeli na mpini wake kwenye sikio wakati stata inapigwa. Nozeli nzima inalia tik-tik kwa mpangilio. Iliyo kimya, pima omu zake (ukinzani wa umeme) kwenye miguu miwili: Toyota nyingi huwa kati ya 13 na 14 hivi. Ikiwa na omu sahihi, umeme unafika lakini hailii, imegandwa na utomvu.

Dawa za kuchanganya tangini zinasaidia nozeli iliyochafuka kidogo lakini inayofanya kazi. Iliyoganda kabisa haina njia ya kupitisha dawa, kwa hiyo kumwaga chupa tatu tangini ni kupoteza pesa. Zitoe, zipelekwe kwenye mashine ya kuosha kwa mtikisiko wa sauti, na udai kuona zikijaribiwa: vikombe vinne vya kioo vijae sawa, na mpulizo uwe ukungu, usiwe uzi wa maji. Ukizirudisha weka oringi (ringi za mpira za kuzibia) mpya zenye kupakwa oili kidogo. Zile za zamani zimekauka pamoja na gari.

Kuliwasha

Weka lita 10 hadi 15 za petroli mpya, kutoka kituoni, usinunue ya madumu barabarani. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (alama ya kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji wa mafuta ya taa, na hujafanya kazi yote hii ili uweke mafuta ya taa. Usiweke kidogo sana: lita tatu nne zinaweza zisifikie usawa wa pampu kama gari limeinama.

Piga stata isizidi sekunde kumi, pumzisha nusu dakika hadi dakika, rudia. Mara mbili tatu za mwanzo zinajaza mabomba tu. Ukianza kunusa petroli kwenye bomba la moshi na bado haliwaki, injini imelowa: kanyaga mafuta mpaka mwisho na upige stata ukiwa umeshikilia hivyo. Kompyuta za magari mengi ya EFI huelewa ishara hiyo na kukata mafuta wakati wa kupiga stata, hewa iikaushe injini.

Likiwaka usikanyage mafuta kulingurumisha. Liache kwenye sailensa yake, yaani mngurumo wa chini bila kukanyaga mafuta, ushuke, upitie kwa macho maungio yote uliyofungua: kofia ya pampu, filta, njia ya nozeli. Petroli yoyote inayoonekana ni ya kuzima gari sasa hivi. Moshi mweupe wa ile oili kidogo uliyodondoshea silinda huisha baada ya dakika chache.

Linawaka kisha linakata

Huu ndio ugomvi unaowachosha wengi, na wakati unaochukua kukata ndio unaokuambia pa kuangalia. Likiwaka na kuzimika baada ya sekunde mbili tatu, rudi kwenye ufunguo wa chipu na kwenye rilei ya pampu. Likizimika baada ya dakika tano au kumi, kisha likakubali ukilipumzisha, uchafu unavutwa na kubandika soksi, na ukizima unaanguka tena. Au pampu inachoka kwa joto. Linakwenda vizuri tambarare, mlimani linakosa nguvu na kutikisika: mafuta hayatoshi, pima presha ukiwa unakanyaga mafuta.

Likikata barabarani, fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu na gari likawaka papo hapo, tundu la kupumulia tangi limeziba. Dondola hupenda kujenga kwa udongo ndani ya vijibomba vya namna hiyo gari likikaa, na tundu moja lililozibwa na mdudu linaweza kumtesa fundi wiki nzima.

Ukiwa na kisomeo cha kompyuta, msimbo wa kosa P0171 unasema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, na P0087 unasema presha ya mafuta iko chini. Yote miwili inakurudisha kwenye soksi, filta na pampu kabla ya kununua sensa yoyote.

Magari ya kabureta

Hapa kazi ni nyepesi na inafanyika uwanjani. Fungua bakuli la kabureta, utakuta mabaki ya kijani au kahawia yamekaukia chini. Puliza dawa ya kabureta kwenye kila tundu, na upepo wa kompresa ufuate. Jeti, vile vijibomba vyenye tundu la kupitishia mafuta, usizitoboe kwa waya wala sindano. Tundu lake limepimwa, ukilipanua gari litakula mafuta daima. Hakikisha floti haina petroli ndani na sindano yake inaziba. Pampu ya ngozi iliyoko ubavuni mwa injini hukauka na kupasuka: chomoa mpira wake wa kutokea, uuelekeze kwenye chupa, piga stata mwenzako akiangalia. Isipotema mafuta, ni hiyo.

Dizeli

Dizeli haivukizi kama petroli, lakini ina adui wake. Penye maji chini ya tangi, bakteria na kuvu huota kwenye mpaka wa maji na dizeli na kutengeneza ute mweusi unaoziba filta. Ukikata filta ya zamani ukakuta ute wa namna hiyo, filta mpya pekee haitoshi; tangi lioshwe na dawa ya kuua wadudu hao iwekwe.

Fungua nati ya chini ya filta umwage maji mpaka itoke dizeli tupu. Badili filta, ijaze dizeli safi, kisha bonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu yake mpaka iwe ngumu: hiyo ndiyo dalili kwamba hewa imetoka. Kwenye injini za zamani kama 1HZ ya Land Cruiser, likigoma bado unaweza kulegeza nati za mabomba kwenye nozeli moja moja huku stata ikipigwa, mpaka dizeli isiyo na povu itoke, ukaze. Ikiwa dizeli haifiki kwenye nozeli kabisa, sikiliza kile kifaa cha umeme cha kukatia mafuta kwenye pampu: swichi ikiwashwa kinapaswa kugonga tik moja.

Injini za dizeli za kisasa kama 1KD na 2KD za Hilux na Prado usizilegeze bomba la nozeli hata kidogo. Presha yake hupita bari 1,000, na mchirizi mwembamba wa dizeli unatoboa ngozi ukaingia kwenye nyama. Kidonda kinaonekana kidogo, lakini ni cha upasuaji wa haraka. Na dawa ya kuwashia yenye etha usiipulize kwenye dizeli yenye plagi za joto. Inaweza kulipuka mapema na kupasua pistoni.

Wiki za kwanza barabarani

Utomvu uliobaki kwenye mabomba utaanza kulegea na petroli mpya, kwa hiyo filta itachafuka upesi kuliko kawaida. Ukifikisha kilomita 500 hivi ibadilishe tena, kama iko nje ya tangi. Kama imo ndani ya pampu, fungua ukague soksi. Oili ibadilishwe wiki hiyo hiyo. Weka mafuta yasishuke chini ya robo tangi, na kila asubuhi kabla ya kuwasha inama utazame chini ya gari na kunusa. Mpira uliokauka mwaka mzima huanza kuvuja siku chache baada ya kupata presha, wakati wewe umeshaanza kuliamini gari.